Ardelio Borrero Fonseca, Fundi Aliyeomba Umeme Ukatike

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza, familia imemtuma kaka wa marehemu, Leovigildo, asome maisha ya mdogo wake, naye amekubali, ndiye huyu mnayemsikia, ingawa kusifia watu hajazoea, hasa huyu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Manzanillo, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Cástulo na mama Eduviges, akasomea ufundi wa redio huko Bayamo hadi 1969, na cheti chake mama alikitundika sebuleni, wakati cha kaka yake kilikaa kabatini, tusidanganyane.

Aliajiriwa karakana ya redio tarehe 2 Juni 1970, akamwoa Nereida tarehe 9 Disemba 1975, wakajaliwa watoto wawili, Osniel na Yamila.

Mwaka 1993 mashine ya hospitali ya kupima mawimbi ya ubongo iliharibika na spea hazikuja, Ardelio akaunda yake kwa mabaki ya redio, betri ya lori, kofia ya kuogelea na uji wa muhogo wenye chumvi wa kupaka kichwani, na vile vipande vya kugusa kichwa alivikata kwenye vijiko sita vya fedha vya mama, ambavyo Leovigildo hakuruhusiwa hata kuvishika, lakini Ardelio alikabidhiwa bila kuomba, "Chukua, mwanangu, vitakufaa." Wivu ulimkaba kaka mtu, akaacha kahawa yake mezani akaondoka.

Mashine ile ilivurugwa na mvumo wa nyaya za mtaani, ikawa inachora vizuri umeme ukikatika tu, hivyo mtaa mzima ukilaani, Ardelio alipaza sauti, "Haya, leteni wagonjwa!", na aliyemtajia saa za mgao ni Leovigildo, karani wa ofisi ya umeme.

Tarehe 18 Agosti 1994 aliletwa kwa mkokoteni wa farasi binti mwenye kifafa, Idalmis, kutoka Campechuela, Ardelio akauliza, "Kaka, leo saa ngapi?", akajibiwa saa nane mchana, na kaka yake alijua fika kuwa umeme ungekatika saa nne usiku. Binti alikaa na kofia alasiri nzima, karatasi ikachora mvumo mtupu, akarudishwa kwao, akaanguka mara tatu kabla ya kuletwa tena.

Marehemu aliugua mapafu kuanzia Januari 2016, akafariki tarehe 3 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa karakana, na majirani waliotuazima betri, na Idalmis, aliyekaa pale mbele na wanawe, anaombwa radhi.

Jana, nikitafuta tarehe hizi kwenye daftari lake, nilikuta maandishi ya siku ile ya Idalmis, "Kaka amenidanganya saa. Mama asiambiwe." Mama alifariki 2003 hajui, na wewe, mdogo wangu, siku iliyofuata uongo wangu ulikuja kuniuliza saa kama kawaida, ukaendelea kuniuliza miaka yote. Hata kwa kunyamaza umenishinda, Ardelio, na mpaka leo nakuonea wivu.

Lala salama, mdogo wangu, vijiko vilikuwa haki yako.