Stiki Isiyofutwa

Biniam alikuwa akifuta vumbi kwenye ncha ya stiki ya televisheni, kile kijiti cha kuonyesha tamthilia za mtandaoni, kwa pindo la shati lake. Alikuwa amekabidhiwa stiki hiyo na Weizero, yaani Bibi, Tsehaynesh, jirani yake wa kiti kwenye treni ya mjini Addis, mara tu mama huyo alipouona mfuko wake wa rimoti za kuuza dukani kwake.

“Inaganda, mwanangu. Picha inasimama kama punda aliyegoma.”

“Imejaa, mama. Mpya zina nafasi mara mbili, picha kali, na rimoti zake unaziamuru kwa mdomo.”

“Nimeamuru watoto wanne kwa mdomo. Hakuna aliyesikia.”

Biniam akacheka. Basi, akasema, ataifuta yote ianze upya.

“Usifute.” Mama akaishika stiki. “Itaniuliza neno la siri, na anayelijua ni Dawit, mwanangu. Alienda ughaibuni, simu yake haipatikani. Ila jina lake limo humu, na tamthilia aliyoiacha katikati. Kila jioni nikikaanga kahawa naangalia tu ilipoishia, siichezi. Juzi nimekuta imesogea mbele, kama vile anaitazama huko aliko.”

“Huenda ni mtu mwingine aliyelipata neno la siri, mama.”

“Huenda. Basi naye husinzia kabla ya mwisho, kama Dawit.”

Biniam akafunga mfuko wake. “Nitapunguza vitu vingine vilivyomo kimoja kimoja,” alisema. “Jina silisogelei. Niachie, kesho uifuate dukani.”

Treni ikasimama. Mama akaitia stiki kifuani, chini ya shuka lake jeupe.

“Kesho nitaileta mwenyewe. Leo jioni nataka nione amefika wapi.”