Risala ya Wafanyakazi wa Kambi ya Mlimani kwa Liwali, Kuhusu Makao ya Mwaisha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Liwali wa Morogoro. Wazee mliofuatana naye. Ndugu zetu wa mlimani: shikamooni, na karibuni sana.

Makaribisho

Mheshimiwa, leo tumeamka na furaha isiyofichika. Wageni wote waliowahi kupanda hapa walikuja kupumzika, nasi tukawabebea mizigo. Wewe ndiye wa kwanza kupanda kwa ajili yetu. Kibwana, mpishi wetu, amepika maharage ya kutosha wilaya nzima, na anasema atakayeondoka bila kula atakuwa amemvunjia heshima. Mimi ni Yunusi, mtumishi wa mezani. Kwa kuwa nilisoma kidogo, wenzangu kumi na wanne wamenituma niseme kwa niaba yao.

Tulivyokutana

Tulikuja Desemba, Wadachi wa serikali ya Kijerumani na wake zao walipoanza kukimbia joto la Dar es Salaam. Wengine tulitoka Bagamoyo, wengine Kilosa, wengine hapa hapa Uluguru. Tulikuwa watu kumi na watano wenye vyungu saba. Sisi wa pwani tuliwaogopa wenyeji, nao wenyeji walitucheka tukitetemeka kwa baridi.

Wiki ya pili mvua ililowesha kuni zote, isipokuwa za Anastasia wa bustani ya mboga, aliyezihifadhi darini. Akatuita kwake. Kibwana akagoma mlangoni: "Mimi sili kwa watu nisiowajua."

Anastasia akamjibu, "Basi ingia tujuane, baba. Ugali unapoa."

Aliingia. Tangu siku hiyo tunakula pamoja.

Lililotufanya ndugu

Mwezi wa Februari, adhuhuri moja ya ukungu, Mwaisha, mfuaji nguo wetu kutoka Bagamoyo, alijifungua mtoto wa kike kando ya kijito. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya safari, naye aliificha mimba kwa kuogopa kufukuzwa. Anastasia alimpokea mtoto kwa mikono yake. Kibwana alikoroga uji wa tangawizi huku akilia, akisingizia moshi.

Kesho yake msimamizi wa kambi akasema, "Hapa si mahali pa watoto. Mama ateremke leo."

Mvua ilikuwa inanyesha, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Mheshimiwa, hatukumtukana wala hatukuinua mkono. Tulifunga mizigo yetu, sote kumi na wanne, tukasimama njiani nyuma ya Mwaisha. Kiboko chake tulikijua.

"Ninyi mnakwenda wapi?" akauliza.

Severini, mume wa Anastasia, mtu asiyemaliza maneno kumi kwa siku, akajibu, "Anakokwenda yeye."

Msimamizi akatazama meza ambazo hazijaandaliwa na marundo ya nguo chafu. Akasema, "Abaki." Vigelegele tulivyopiga viliwatoa wageni vyumbani!

Linalotusumbua

Sasa kambi inafungwa wiki ijayo. Karani wa kambi amekwisha kutusomea orodha: wengine twende kwenye reli, wengine mashamba ya mpira, na Mwaisha arudishwe Bagamoyo. Huko hana mume, hana mama, hana hata mlango wa kubisha hodi. Karani alipomwuliza kwao ni wapi, alinyoosha kidole kwa Anastasia. Karani hakuandika kitu.

Tunaloomba

Kazi hatukatai, tutakwenda tutakakopelekwa. Tunaomba msimu ujao tuitwe sisi hawa hawa.

La pili ndilo kubwa. Tunaomba barua yako, Mwaisha aruhusiwe kukaa kijijini kwa Anastasia na Severini. Wazee wa ukoo wamempa kipande cha shamba penye migomba. Jumbe ameridhika, anasema kinachongojwa ni muhuri wako tu.

Na hapa, Mheshimiwa, tunaomba radhi kwa haraka yetu. Jumapili iliyopita tulisimamisha nguzo, tukafunga fito, tukakandika udongo. Kibwana, ambaye hajawahi kushika udongo maishani, alikandika ukuta mzima peke yake, na umepinda. Nyumba yenyewe inaonekana kutoka hapo ulipoketi, mkono wako wa kulia, pale moshi unapotoka. Mwaisha hayumo katika mstari huu. Yuko kule na mwanawe, anafagia uwanja, akitumaini utapita umwambie karibu nyumbani.

Mungu akuteremshe mlima salama, akupe umri mrefu, na akujazie nyumba yako watu wanaokupenda.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kambi ya Mlimani, Uluguru
Machi 1912