Ukulele Niliyoikatalia Moto

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Msiitikie haraka, maana leo nimesimama na hasira, na Bwana mwenyewe anazijua.

Marehemu mume wangu Fidelis mnamfahamu. Zamani alipiga gitaa kwenye bendi ya jazi hapa Mpanda. Alipookoka alibaki na ukulele tu, kagitaa kadogo ka nyuzi nne, na nyuzi zenyewe ni nailoni ya wavuvi wa Ikola. Jioni alikaa kibarazani kwetu Nsemulwa akipiga wimbo mmoja wa jazi unaojulikana dunia nzima, polepole, kwa kidole gumba. Alinisimulia ulikotoka. Watu weusi wa Amerika waliuimba wakisindikiza jeneza, wakimwomba Mungu ampokee mwenzao. Kumbi za dansi ziliuchukua baadaye, zikauchangamsha. Ni wimbo wa msiba, ndugu zangu!

Fidelis alipofariki niliomba upigwe kaburini. Nyie wazee wa kanisa mkakataa, mkasema ni wa baa. Tukamzika mpiga muziki kimya kimya. Tangu siku hiyo koo langu likafungika. Sikuweza kuimba wala kuomba, hata machozi yaligoma. Mkasema nina pepo la jazi.

Ukaja mkutano wa maombi ya kufunguliwa. Mkaniagiza nilete ukulele ichomwe pamoja na hirizi. Hirizi! Kitu ambacho mtu alimlilia nacho Mungu! Nikafika mbele ya moto, mhubiri mgeni akanyoosha mkono. "Lete hiyo, mama, uwe huru."

Nikaikumbatia. Bwana akanipa ujasiri ambao sikuwa nao. "Mtumishi, subiri kwanza niipige," nikasema. Mshiko wa pili wa nyuzi nikaukosea, nikaanza upya, polepole, kama Fidelis alivyonifundisha. Koo likafunguka palepale. Nikamsindikiza mume wangu nikiimba kwa Kibende, lugha yetu ya nyumbani, huku machozi yakitiririka. Mama Kalista, aliyemzika binti yake masika haya, akaja akasimama nami akilia. Wakaja na wengine. Mhubiri akashusha mkono.

Mungu amenifungua, ndugu zangu, na walionifunga wamekaa viti vya mbele. Nimewasamehe, ingawa hasira bado ninazo. Wewe uliyekatazwa kumlilia mtu wako, mwamini Mungu, yeye hachagui wimbo. Leo baada ya ibada nakwenda kaburini kwa Fidelis na ukulele yangu. Aliyemzika mtu wake kimya aje, tutawaimbia wote.

Sasa itikieni. Bwana asifiwe.