Ini Lililopikwa Mara Mbili

Kijiwe cha Specioza muuza kahawa kiko Bariadi mjini, ubavuni mwa ghala la pamba lililofungwa. Kina benchi moja, na mguu wake wa nne ni tofali. Upande wa tofali hukaa Salvatory, tarishi mstaafu aitwaye Waraka, kwa kuwa amezoea vitu vya ofisi kuyumba. Upande wa pili ni wa Masele fundi redio, yaani Betri. Alasiri ile katikati yao alikaa Maduhu wa Ngulyati, kaishika simu kama aliyeshika ndege aliyekufa. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa baada ya kunywa lamboni, chini ya pale wachenjuaji wa dhahabu walipopanga mapipa yao. Bwana mifugo alishuku zebaki, ini likapelekwa maabara Mwanza, na sasa hivi majibu yalikuwa yameingia.

— Wanasema halipimiki, alisema Maduhu. Wanataka lingine, bichi.

— Kwani lako lilikuwaje? aliuliza Betri.

— Nililipaka chumvi, nikalikausha juu ya moshi. Joto lote hili, nipakie ini kwenye basi liwaozee watu wenye makoti meupe?

— Umeharibu sampuli, alisema Waraka.

— Nimeharibu nini? Wao wenyewe wanakata kipande, wanakitia kwenye kichupa cha kukaza kifuniko, wanamimina asidi, wanakipika kwenye maikrowevu mpaka kinageuka maji. Ndipo wanayasoma hayo maji kama yana zebaki. Wakipika wao ni utaalamu, nikipika mimi ni uharibifu!

— Maikrowevu naijua, alisema Betri. Nilifungua moja ya gesti. Inapika kwa mawimbi, hayo mawimbi ndiyo yanaifukuza sumu itoke. Sasa moshi wako umeziba matundu. Sumu imekosa mlango.

— Acha hizo, alisema Waraka. Asidi ni ya kufuta ushahidi. Kitu kikishakuwa maji, utakifungulia jalada gani? Usione vyaelea, vimeundwa.

— Waraka, hiyo methali imefuata nini hapa? aliuliza Specioza.

— Imefuata ini.

— Mi nasema walilila, Betri akapandisha dau. Ini lina chumvi, lina moshi, maikrowevu ipo, na mchana umefika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo limejitembeza mpaka Mwanza!

Specioza alicheka. Maduhu hakucheka. Alikuwa anawaza ini bichi linatoka wapi.

— Ili nipeleke bichi, alisema taratibu, lazima afe mwingine.

— Utaratibu ni utaratibu, alisema Waraka. Na kwa sasa umeambiwaje?

— Lile lile la tangu mwanzo. Tuendelee kuwatumia ng'ombe waliobaki, kwa tahadhari.

— Kwa tahadhari! Waraka alilitafuna neno kama karanga. Hicho ndicho Kiswahili cha ofisi, mzee. Hakikukatazi, hakikuruhusu. Likitokea la kutokea, ulishatahadharishwa.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Milembe, mke wa Maduhu, kanga imejaa vumbi la njia nzima.

— Mwadila, alisalimia Kisukuma.

— Mwadila, mayu, Specioza alimwitikia mama huyo. Karibu benchi.

Hakukaa.

— Baba Sayi, nakupigia simu inatumika tu. Yule mweupe wa maziwa kalala chini, hanyanyuki.

— Basi ini bichi limepatikana, alisema Betri, kisha akaufunika mdomo wake kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

Milembe hata hakumtazama.

— Asubuhi nilikuwa nimemkamua. Mjukuu kanywa, kikombe kizima, akaomba tena, nikampa. Akajifunga kanga upya. Lakini niliyachemsha mara mbili, kwa ajili ya hiyo tahadhari yao. Ninyi mnaokaa mjini, niambieni: hiyo zebaki ukiichemsha, inakufa?

Betri, aliyeijua maikrowevu, akageuka kutazama ghala.

Maduhu alilijua jibu. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe pale pale, kwa sauti, akibishana: wanalipika ini kwa asidi mpaka linakuwa maji, na sumu bado inabaki humo, inangoja kusomwa. Mkewe alikuwa anamtazama yeye sasa, si wale wengine. Maduhu alinyanyuka, benchi likayumba, akapanda na mkewe pikipiki ile ile.

Specioza akavuta makaa akayazima, na birika lilikuwa bado limejaa.