Onesmus Kitheka, Aliyemrudishia Mpiga Ngoma Jina Lake

Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2006, Bwana Onesmus Kitheka anarudisha funguo za ghala la kanda la Studio ya Sauti za Iveti, baada ya miaka thelathini na miezi saba ya kazi. Alizipokea Februari 1976, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuja kuomba kazi ya udereva. Dereva alikuwa ameshapatikana asubuhi hiyo hiyo. Akaambiwa kwamba, akitaka, kuna chumba kimejaa kanda na hakuna anayejua ndani mna nini. Akaingia, na ndiyo leo anatoka.

Kwa miaka kumi na minane aliitwa karani wa ghala. Mwaka 1994 akapandishwa kuwa mtunza kanda mkuu, ingawa hapakuwa na mtunza kanda mwingine wa yeye kumtangulia. Hakulalamika. Alibandika cheo kipya mlangoni, akarudi kufuta vumbi.

Wengi wetu tulimjua kwanza kwa kufukuzwa. Chai haikuingia ghalani. Mkurugenzi wetu wa zamani aliwahi kusimama pale mlangoni na kikombe mkononi, akisema kampuni ni yake. Onesmus akamjibu kwa upole kwamba kampuni ni yake kweli, ila chai ibaki nje. Kulikuwa na feni moja tu mle ndani, nayo ilielekezwa kwenye rafu. Yeye mwenyewe alijipepea kwa gazeti, hata Februari.

Mvua kubwa za mwaka 1997 zilipofumua paa letu, alikuja kwa baiskeli kutoka kwake Mumbuni kabla hatujapata hata habari. Kwa siku mbili yeye na watu wa mikokoteni walihamisha kanda elfu moja na mia nne hadi ukumbi wa kanisa la jirani. Zilipotea tatu. Ukimuuliza leo, hatakutajia zile elfu moja na zaidi alizookoa. Atakutajia hizo tatu, kwa majina.

Lakini watunza ghala wazuri wapo hata kwingineko. Jambo linalonifanya nishike kalamu ni lingine. Nchi hii ina ugonjwa wa kusahau watu wake kwa makusudi. Tunachapisha muziki wa mtu, tunaweka picha ya mwingine, kisha tunaandika "na wengineo" na kwenda kula chakula cha mchana. Wako wataalamu waliojenga majina yao juu ya hao wengineo. Ofisi yetu nayo ilikuwa na ugonjwa huo, na mimi nilikuwa miongoni mwa wagonjwa. Onesmus ndiye aliyetutibu, tena kwa kuanza na kosa lake mwenyewe.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka Radi Nne, bendi ya muziki wa roki iliyoutikisa mji huu miaka ya sabini. Jumamosi moja ya Agosti 1977, saa tisa mchana, studio ilipeleka mitambo katika ukumbi wa mjini, ikanasa onyesho zima mbele ya watu. Santuri iliyotoka ilikuwa na picha ya vijana wanne wenye nywele kama vichaka, na nyuma yake majina: Muli, gita na sauti, Mumo, besi, Yahye, kinanda, Ndambuki, ngoma. Miaka ya themanini ikatolewa tena kwa kaseti, majina yaleyale. Mwaka 2005 tukaamua kuitoa kwa CD, na kazi ya kuandika kijitabu cha ndani nikapewa mimi.

Tangazo letu lilipopita redioni, mwanamke mmoja akafika mapokezi akitoka Mwala, amevaa nguo zake za kanisani. Ni Mwalimu Wanza, anayefundisha shule ya msingi huko. Akasema yeye ndiye aliyepiga ngoma siku ile. Mapokezi wakacheka, wakamwelekeza kwa Onesmus, kama vile mtu anavyoelekezwa kwa fundi wa kitu kisichotengenezeka.

Onesmus alitoa kadi kwenye droo, akamwonyesha.

"Mwalimu, kadi inasema ni Ndambuki."

"Na hiyo kadi ilikuwa kwa ukumbi siku hiyo?"

Mwalimu Wanza akamweleza kwamba wanawe wana ile kaseti nyumbani. Kila Krismasi akisema alipiga ngoma katika Radi Nne, mmoja huchukua jalada na kusoma majina kwa sauti, na ukoo mzima unaangua kicheko. Zamani kilikuwa kicheko cha mzaha. Siku hizi wakwe nao wamo, na wakimsikia akisema jambo lolote wanaulizana kama hilo nalo liko kwenye kaseti.

"Kaka, mimi sitaki kitu yenu," akamwambia. "Nataka tu watoto wangu wajue mama yao si mrongo."

Akaenda zake. Onesmus akabaki ameishika ile kadi, na chakula cha mchana siku hiyo hakukigusa, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake.

Lazima nieleze desturi yetu ya wakati huo. Kadi za ghala hazikujazwa ukumbini. Zilijazwa ofisini, picha ya jalada ikishafika, na karani aliitazama: aliyeshika gita aliandikwa gita, aliyekaa nyuma ya ngoma aliandikwa ngoma. Hakuna aliyeona ubaya wake. Picha ya Radi Nne ilipigwa Novemba, miezi mitatu baada ya onyesho, na karani kijana akaandika alichokiona. Maneno ya nyuma ya santuri yakanakiliwa kutoka kwenye kadi hiyo. Kwa hiyo kadi ilitokana na picha, jalada likatokana na kadi, na kila tulipokuwa na shaka tulilinganisha kadi na jalada na kufurahi kwamba vinakubaliana.

Wiki iliyofuata Onesmus alitoa kanda halisi, ile ya gurudumu, ambayo haikuwa imechezwa tangu 1977. Kwenye santuri maneno yote ya katikati ya nyimbo yalikatwa. Kwenye kanda yapo: kikohozi, filimbi za watazamaji, mtu anayeuliza choo kiko wapi. Akapanga mezani vifuniko vitano vya soda, kimoja kwa kila ala aliyoisikia. Ala ikinyamaza, alikigeuza kifuniko chake. Ikirudi, alikigeuza tena na kuandika dakika.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba ala ni tano na majina ni manne. Nilikuwa na jibu tayari, na nilishaliandika kwenye kijitabu kwa mbwembwe nyingi: gita la pili liliongezwa studioni baadaye. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya juu, kama ilivyo kawaida yangu. Hakubishana. Alinivutia kiti, akanipa vile visikizio vikubwa.

Katika wimbo wa nne, dakika ya ishirini na tatu, gita la Muli linakatika ghafla. Watu wanazomea. Sauti ya Muli inasikika wazi kabisa: "Aki Ndambuki, nipe yako, waya imekatika!" Sekunde chache baadaye gita la pili nalo linanyamaza. Kisha Muli anaendelea na wimbo, lakini sasa gita lake lina ule mkwaruzo uliokuwa wa gita la pili. Muda wote huo ngoma hazijayumba hata pigo moja. Kinanda kipo, besi ipo.

Onesmus akageuza kifuniko cha gita la pili, akanitazama.

"Sasa niambie, bwana mwandishi. Ndambuki amempa mwenzake gita. Hivyo vijiti vya ngoma alikuwa amevishika na meno?"

Nimebishana na maaskofu, na wanasiasa, na wahariri wa magazeti makubwa, na sikumbuki kunyamazishwa hivyo. Nikajaribu kusema huenda Mumo ndiye aliyepiga ngoma. Akanionyesha kifuniko cha besi, ambacho hakikuwa kimegeuzwa tangu mwanzo. Kila mwanamume wa kwenye picha alikuwa na shughuli yake. Ngoma zilikuwa za mtu mwingine.

Muli alifariki mwaka 1991, na Mumo hatukumpata. Walibaki wawili, na Onesmus aliwafuata mmoja mmoja kwa likizo yake mwenyewe, akiwa na redio kaseti begani. Kwa yeyote kati yao hakulitaja jina la Wanza. Ndambuki alimkuta Kithyoko, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi. Akamchezea dakika ile ya ishirini na tatu, akamuuliza ngoma ni za nani.

"Si ni za Wanza!" Ndambuki akasema, kama aliyeulizwa jina la mji wake. "Mimi sijawahi piga ngoma hata ya Sunday school. Siku ya picha yeye alikuwa ameenda chuo cha ualimu. Mpiga picha akasema ngoma haiwezi kaa bila mtu, nikakalishwa hapo."

"Na miaka ishirini na nane umenyamaza?"

"Hakuna mtu aliniuliza, mzee."

Yahye, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa mbuzi hapa hapa mjini, alisikiliza huku amefumba macho. "Wallahi, huyo ni Wanza," akasema. "Nyanya yake alikuwa mpigaji wa kilumi, ngoma ya akina mama wa huko kwao. Sikia hiyo mkono ya kushoto. Sisi wanaume tulikuwa tunafikiri tunacheza roki. Tulikuwa tunakimbia tu tusiachwe na yeye."

Ungedhani mambo yakaishia hapo. Hamuijui ofisi. Majalada yalikuwa tayari kwenda kuchapishwa, na kwa utaratibu wetu hakuna jalada linalotoka bila sahihi ya mtunza kanda. Bi. Kasiva, mkuu wetu wa mauzo wakati huo, aliona kwamba watu wameyazoea majina yale, na kwamba kuyabadilisha ni kujitangaza kuwa tulidanganya karibu miaka thelathini. Sikubaliani naye hata leo, na yeye anajua. Alimwita Onesmus mbele yetu sote.

"Mzee Onesmus, umebakisha miezi kumi. Weka sahihi, uende nyumbani na heshima yako."

"Nikiweka sahihi, mama, nitakuwa nimemwita mrongo mara ya pili," akajibu. "Ile ya kwanza sikujua."

"Na utasema kosa lilikuwa la nani?"

Angeweza kumtaja mpiga picha, ambaye ni marehemu na hangejitetea. Angeweza kuitaja desturi ya ofisi, na asingekuwa amekosea. Alichukua karatasi, akaandika kwa mkono uleule ulioandika kadi: kwamba mwaka 1977 yeye, Onesmus Kitheka, alimwandika mtu asiyepiga na kumwacha aliyepiga, kwa sababu alitazama picha na hakusikiliza kanda. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo, mahali tunapobandika ratiba za chai. Ilikaa pale siku nne. Siku ya tano Bi. Kasiva mwenyewe aliibandua, akaipeleka kwa mkurugenzi, na majalada yakarudishwa kutengenezwa upya. Namshukuru kwa hilo, na naliandika hapa ili asije akasema sikuwahi kumshukuru.

Mimi nikafuta kurasa zangu mbili za mbwembwe. Mahali pake nikaandika maelezo ya kanda kama Onesmus alivyonisomea kutoka kwenye daftari lake, dakika kwa dakika, bila kuongeza chumvi. Ndizo kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na si zangu.

Kadi ya zamani hakuichana. Alipiga mstari mmoja juu ya jina la Ndambuki, ili bado lisomeke, akaandika "Wanza" chini yake, tarehe, na neno "Nilikosea". Makarani watakaokuja waisome hiyo kabla hawajasoma kanuni zozote tunazowachapishia.

CD zilifika Machi mwaka huu. Onesmus alichukua nakala moja, akaniambia twende wote Mwala, nami nikaenda. Mwalimu Wanza alitukaribisha uani, wanawe watatu wakiwepo, watu wazima wenye watoto wao. Onesmus alimpa ile CD kwa mikono miwili.

"Mwaitu, nimechelewa," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nisamehe."

Mwalimu hakuifungua. Aliigeuza upande wa nyuma, akampa mwanawe mkubwa, yule ambaye huwa anasoma majina wakati wa Krismasi.

"Soma."

Akasoma. Muli, gita na sauti. Ndambuki, gita la pili. Mumo, besi. Yahye, kinanda. Kisha akalisoma jina la mama yake.

"Sijasikia vizuri," Mwalimu akasema. "Soma tena."

Akasoma tena, safari hii akiwa amesimama. Hakuna aliyecheka.

Mzee Onesmus, asante kwa kanda ulizozitunza, na kwa vikombe vya chai ulivyotufukuza navyo. Asante zaidi kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kufanya kosa katika kazi yake, akakaa nalo miaka mingi bila kujua, na bado akalirekebisha kabla hajaondoka. Salamu zetu kwa mama na wajukuu huko Mumbuni. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na utulivu, na kila atakayekuja kukuuliza jambo, akukute umeketi kivulini, tena una nafasi ya kumsikiliza.