Shati Lenye Jina la Mwingine

Benchi la kona ya duka la viatu lina miguu mitatu na matofali, na kila mtu ana pake. Upande wa matofali ni wa Geti, mlinzi wa kampuni, mtu wa maneno machache tangu alipofiwa na mkewe. Binti yake yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani anayemsemesha ni redio tu, na redio haijui jina lake. Jana jioni hata hakusalimu. Alitoa barua mfukoni akampa Wakili, ambaye wala si wakili: alikuwa tarishi mahakamani miaka sita, basi sheria ikamwingia kama mafua.

— Nisomee kwa sauti, akasema Geti.

— “Kutokana na gharama za sare, mshahara wako utapungua kwa robo. Fika ofisini kesho saa tatu asubuhi kusaini makubaliano.” Lo! Makubaliano gani haya, mmoja kakubali mwingine kaitwa?

Spana, fundi baiskeli, akamgeuza Geti kola.

— Sare yenyewe ndiyo hii? Mbona ndani ina jina la mtu?

— Ndivyo nilivyopewa. Wakasema ni mpya.

— Basi akatwe huyo mwenye jina!

— Subirini, akasema Wakili. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Sasa shati lipo, jina lipo, kwa hiyo na lake lipo. Ukilipia nguo, nguo ni yako. Ikisimama getini, inafanya kazi. Idai mshahara wake!

— Mshahara wa shati?

— Na likizo.

— Mimi ningekwenda lindo kifua wazi, akasema Spana. Si wanabana matumizi?

— Watakukata hela ya ngozi.

Birika, muuza kahawa, alikuwa akisuuza vikombe. Sasa akainama kama anatoa siri.

— Nyie hamjashtuka. Ile si kampuni ya ulinzi. Ni duka la mashati, na walinzi ndio wateja. Yale maghala wanayolinda, nani aliwahi kuona kitu ndani?

Wakaangua kicheko. Geti naye akacheka, ila kicheko chake kikaishia njiani.

— Hiyo robo ndiyo bweni la binti yangu, akasema. Nikisaini, yeye anarudi nyumbani. Nisiposaini, mimi ndiye ninayerudi.

— Usisaini! wakasema wote.

— Simama kidete, ndugu yangu, akasema Wakili. Tuko nyuma yako. Umoja ni nguvu. Birika, nimiminie.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama akingoja baiskeli yake kwa Spana akanyoosha mkono.

— Naomba niione hiyo barua, kaka.

Akaisoma polepole mpaka chini kabisa, pale kidole gumba cha Wakili kilipokuwa kimekaa muda wote.

— Hapa wanasema anaruhusiwa kufika na mtu mmoja wa kumsimamia. Nani anakwenda naye?

Wakili akakohoa.

— Kesho? Saa tatu hiyohiyo?

Spana akaanza kukaza nati iliyokwisha kukazwa tangu mchana. Birika akainamisha birika lake, likatoa matone mawili.

— Kahawa imekwisha, jamani.

Mstari ule Geti alikuwa ameusoma kutwa nzima. Ndio uliomfanya alete barua kijiweni, maana kuomba kwa mdomo wake aliona haya. Upweke ukamkaba palepale, katikati ya watu wake.

— Msijali, akasema, akiikunja barua. Ofisi ni karibu tu pale.

Leo asubuhi alipita kijiweni, ingawa ofisi iko upande mwingine. Shati alikuwa amelipiga pasi. Akakaa peke yake, upande ule wa matofali, mpaka saa tatu kasorobo, akiwaangalia wapita njia. Kisha akainuka, akaenda.