Ovaroli ya Rozina

Risala ya Kikundi cha Akina Mama Sindano Moja, Mtaa wa Mawe Mapana, siku ya kufunguliwa banda la ushonaji

Mgeni rasmi, kitendawili.

Ukishasema tega, tunakutegea: yupo mtu ana mikono hana vidole, ana miguu hana nyayo, na hasimami mpaka umwazime mwili wako. Ukishindwa utupe mji, ila Mwanza usitupe, hapa tayari ni kwetu, na Misungwi tulishapewa na mgeni wa mwaka jana. Wajukuu waliokaa mbele wameshajibu, tunawasikia. Ni ovaroli. Na risala yetu ya leo ni ya ovaroli moja.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Mawe Mapana. Umepanda kwa miguu kwa sababu gari haliwezi kupenya katikati ya mawe, na jasho lako tumeliona. Wageni wetu wengi huishia pale chini barabarani wakatuma salamu. Maji ya kunywa yako kushoto kwako. Sato wako yuko jikoni, hivyo hatutaivuta risala hii mpaka apoe. Viongozi mlioongozana naye, wakubwa shikamooni, wadogo tunasubiri yenu.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza na cherehani moja ya kukanyaga ya Bibi Teodora, ndiye huyu anayesoma mbele yako. Ilikuwa na sindano moja, na ikivunjika kazi yote inasimama mpaka mtu ashuke mjini. Jina letu limetoka hapo.

Mkataji wetu ni Suzana, mzaliwa wa Kigongo, kule kulikokuwa na kivuko. Ni mtu wa maneno machache. Ukimpa kitambaa anakivuta, anakinusa, ndipo anauliza ni cha nani. Hajawahi kushona nguo ya mtu asiyemjua. Hata tuliposhona magauni ya kwaya alitaka kila mwimbaji aje asimame mbele yake, na mama mmoja wa sauti ya pili alipotuma vipimo kwa simu, Suzana alimjibu kwamba simu haina mabega.

TULIYOYAFANYA

Tumeshona sare za shule, magauni ya kwaya, na mapazia ya zahanati. Halafu halmashauri ikatangaza zabuni ya ovaroli za wafagia barabara, katika fungu linalotengwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Tukajisajili kwenye mfumo wa zabuni wa mtandaoni kwa mkono wa kijana wa steshenari. Tukaambiwa tupeleke na sampuli.

Suzana akauliza kama kawaida yake, ya nani? Tukatazamana. Ndipo tukamkumbuka Rozina, jirani yetu anayefagia barabara ya chini. Rozina akaja akapimwa, akatutania kwamba tangu aolewe hajawahi kushikwa kiuno kwa heshima namna ile. Suzana akamwambia ainame kama anafagia, akampima akiwa ameinama hivyohivyo. Msamba, pale miguu miwili ya nguo inapokutana, akaupitisha mishono miwili, mabegani akaacha nafasi ya mkono kurusha ufagio.

Ilipokwisha tukafanya kama tunavyofanya kwa nguo yoyote ya kazi. Rozina aliivaa akafagia nayo zamu nzima. Haikumbana, haikuachia uzi. Kwetu, nguo ya kazi ambayo haijafanya kazi bado ni kitambaa, na kuwapelekea wakubwa kitambaa ukakiita ovaroli ni kuwadanganya. Tukaifua, tukaipiga pasi ya mkaa, tukaikunja kwenye mfuko mpya, tukaipeleka. Siku hiyo Suzana aliimba njia nzima ya kurudi. Kabla ya hapo hatukujua kama anaimba.

LILILOTUKWAZA

Hatukupata. Kukosa peke yake hatukuiti changamoto, maana kwenye zabuni mmoja anapewa na wengine wanarudi nyumbani. Kilichotukwaza ni namna tulivyojua. Asubuhi moja Rozina alipanda huku juu na ovaroli mpya kabisa aliyogawiwa kazini, ameishikilia kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Msamba ulikuwa umeachia.

"Mnishonee, jamani," akasema. "Leo barabara imeniona kuliko nilivyoiona."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Suzana hakucheka. Aliichukua ile ovaroli, akaigeuza ndani nje, akautazama mshono wake kitambo. Alikuwa anatafuta huyo mwenzake amemzidi wapi. Tangu siku hiyo wafagiaji wengine nao wakaanza kuja na za kwao. Tunawashonea, hatuwezi kuwakatalia majirani. Wala aliyepewa zabuni hatumsemi. Pengine naye alikata kwa vipimo alivyopewa, bila kumwona mtu ameinama.

Bibi Teodora akashuka ofisini kuuliza. Kwenye ubao wa matangazo alikuta jina la aliyeshinda na bei yake. Letu halikuwepo, hata kwenye kushindwa. Dada wa mapokezi, na tunamshukuru kwa upole wake, alimpa kiti, akamweleza kwamba majibu yote yapo kwenye mfumo. Mgeni rasmi, mfumo tuliuingia siku moja tu, na kijana wa steshenari amehamia Misungwi na neno letu la siri.

Basi Suzana akajijibu mwenyewe. Kila jioni alikuwa anauliza swali lilelile, nilikosea wapi, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akaamua kwamba ni mkono wake. Akasema umechoka, haukati tena kama zamani. Akaifunika cherehani kwa kanga. Akatuambia anarudi kwao Kigongo akauze chai. Tukamuuliza atamuuzia nani, kivuko hakuna tena, watu wanapita juu ya daraja bila kushuka. Akasema chai atawauzia samaki wa ziwani.

Tulimcheka, lakini usiku kila mmoja alilala na lake. Bila Suzana hatuna mkataji. Banda unalolifungua leo lina meza ndefu ya kukatia, nzuri, waliotujengea Mungu awalipe, na hatukujua nani atasimama mbele yake.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukuombi utupe zabuni. Tukishindwa tena basi tumeshindwa, ila tujue kwa nini. Tunaomba kikundi kikikosa, awepo mtu wa kukiambia kwa kinywa, hata pale ofisi ya mtaa, hata kwa maneno mawili. Mtu asipoambiwa kosa lake anajitungia jingine, na hilo la kujitungia huwa kubwa zaidi.

Tunaomba pia ubao wa matangazo uendelee kusema hata baada ya zabuni kutolewa. Sasa hivi unatuambia nani kapewa na kwa bei gani, kisha unanyamaza. Useme na vitu vilifika lini, vilipokelewa na nani, na wanaovitumia wanasemaje. Rozina hajawahi kuulizwa. Akiulizwa ataeleza vizuri sana, ila msimuulize mbele ya watoto.

La mwisho ni taa moja, pale kwenye ngazi za mawe.

SHUKRANI

Risala ilikuwa iishie hapo. Lakini juzi alikuja Alexander, wa kitengo cha ununuzi cha halmashauri, kuisoma mapema kama ilivyo kawaida, ili mgeni asije akashtushwa. Tulijua lazima kipande kitakatwa. Alimwamkia kila bibi, akaketi kwenye benchi, akasoma, akarudia. Hakukata kitu. Akauliza Suzana ni nani.

Suzana alikuwa kwenye kona anafunga vitu vyake. Alexander akamfuata akachuchumaa karibu naye.

"Mama, nguo yako tunaikumbuka," akamwambia. "Kamati nzima tuliivuta, tukaigeuza. Mshono haukuwa na kosa lolote. Ila ilikuwa imeshavaliwa na kufuliwa, na masharti yanataka sampuli mpya. Ikaishia hapo."

Suzana akaliachia fundo la mzigo. Kisha akamuuliza, taratibu, kwa nini hawakusema. Yule baba akatazama chini. Akajibu kwamba sababu aliiandika yeye mwenyewe kwenye mfumo, na akaona akishaandika ameshasema. Hakujua kama huku juu kuna mtu anasubiri. Mgeni rasmi, tunamshukuru mbele yako. Angeweza kutukatia risala akashuka zake, naye akatujibu.

Kabla hajaondoka akatuambia zabuni itatangazwa tena. Akamgeukia Suzana, "Mtaleta?"

Sote tukamtazama Suzana. Akalirudia fundo la mzigo wake. Alexander akaaga, akashuka mawe polepole na viatu vyake vya ofisini, swali likabaki hapa bandani. Limelala hapa, limeamka hapa, limekunywa na uji wetu.

Jana mchana Bibi Teodora, akiiandika risala hii, alikuwa amefika kwenye dua. Alikuwa ameandika: Mungu akubariki mgeni rasmi, akupe magoti ya kupanda tena huku. Awabariki wanaofagia njia zetu kabla hatujaamka, na wanaokaa ofisini wakisoma majina ya watu wasiowajua. Alikuwa anatafuta neno la kumalizia ndipo Suzana akasimama, akaiondoa kanga juu ya cherehani, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Akasema bila kumtazama mtu:

"Mwambieni Rozina aje nimpime. Nakata mbili. Moja aivae afagie nayo, tuione. Ya pili asiiguse mtu."

Ni sisi,
Akina Mama Sindano Moja,
Mawe Mapana.